Cardinals walikosea kumwacha Pujols aondoke? Tujadili

Mleta mada, St. Louis

Wakuu, salaam. Naleta hoja ambayo hapa St. Louis ikianza kazini, chai inapoa mezani. Desemba 2011 Cardinals, klabu yetu ya besiboli, walimwacha mpigaji wao Albert Pujols aondoke. Walikosea au walifanya la maana?

Kwa wasiofuatilia besiboli: Pujols ni mzaliwa wa Santo Domingo. Mwaka 1999 klabu zilipokuwa zinachagua chipukizi, alichukuliwa wa 402. Alianza ligi kuu 2001, na ndani ya misimu 11 akapiga homurani 445, yaani mpira unavuka uzio na mpigaji anazunguka besi (vituo vya uwanjani) zote kwa raha zake kama mtu anayetoka sokoni. Mchezaji bora wa Ligi ya Taifa (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) mara 3: 2005, 2008, 2009. Ubingwa mara 2, 2006 na 2011. Mkataba ukaisha muda mfupi tu baada ya ubingwa wa pili, akawa mchezaji huru, anakaribia kutimiza miaka 32. Angels wa California wakaweka mezani miaka 10 na dola milioni 240. Akaenda.

Mimi nilifika mji huu 2014. Ghalani ninakofanya kazi kuna mzee mmoja wa foklifti, alikuwa anavaa jezi namba 5 chini ya koti la baridi, na jina mgongoni amelifunika kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Aliubandika siku ile ile habari zilipotoka. Pujols aliporudi 2022, mzee akaubandua. Gundi imeganda kwenye herufi hadi leo, hiyo J utadhani ni doa la mchuzi.

Msimamo wangu: walifanya sawa kutompa miaka 10. Ila wale wanaosema alikuwa na tamaa, hao sipo nao kabisa. Haya, leteni mawe.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, jiwe la kwanza hili hapa. Wewe unapiga hesabu za muuza duka. Timu si duka. Sisi Wanasimba tunajua uchungu wake: Chama mkataba umeisha, viongozi wanazungusha maneno, Julai 2024 tunamwona na jezi ya Yanga. Kuna watu mtaani kwetu walizima simu siku hiyo.

Halafu umeruka jambo kubwa. Februari 2004 Pujols alisaini miaka 7 kwa dola milioni 100, kisha klabu ikatumia kipengele cha kuongeza mwaka mmoja, msimu wa 2011, kwa milioni 16. Wakati huo huo nyota mwingine, Alex Rodriguez, alikuwa kwenye mkataba wa 2001 wa milioni 252 kwa miaka 10. Piga mahesabu mwenyewe nani alikuwa analipwa pungufu. Huyu mtu aliwakopesha Cardinals ujana wake wote. Siku ya kulipa deni imefika, mdaiwa anaanza kusema "lakini umri wako". Hiyo ni haki?

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu yangu wa Dar, pole kwa Chama, lakini mkataba wa besiboli si kama wa mpira wetu. Huku pesa ni ya uhakika yote. Akivunjika mguu unalipa. Akishuka kiwango unalipa. Ukimfukuza, unalipa pia. Angels walimwachia Pujols mwezi Mei 2021, na mwaka ule peke yake ulikuwa wa dola milioni 30. Mkataba ulipangwa mwanzo uwe mwepesi na mwisho mzito: 2012 alichukua milioni 12, mwaka wa kumi milioni 30. Yaani anavyozeeka ndivyo anavyopanda bei.

Kama mnataka kuona mambo yanavyoharibika, tazameni Ryan Howard wa Philadelphia. Mkubwa wa mwili, mpigaji wa nguvu, mlinzi wa besi ya kwanza kama Pujols, kipenzi cha mji. Aprili 2010 klabu ikamwongezea miaka 5 kwa milioni 125, ianze 2012. Oktoba 7, 2011 Phillies wanacheza na nani? Na hao hao Cardinals. Mchezo wa tano, wa kuamua, 1-0, Howard ndiye mpigaji wa mwisho. Anapiga mpira wa chini, anaanza kukimbia kuelekea besi ya kwanza, anaanguka. Kano ya kisigino imekatika. Cardinals wanarukiana katikati ya uwanja na yeye bado yuko chini. Mkataba mpya ulikuwa haujaanza hata siku moja!

Viongozi wa Cardinals waliona hilo kwa macho yao, miezi miwili kabla ya kuamua juu ya Pujols. Mimi ningekuwa wao mkono ungetetemeka.

Mchangiaji, Arusha

Samahani wakuu, mimi nimeingia kwa sababu ya kichwa cha habari. Hii besiboli ndiyo ile raundasi ya shule ya msingi?

Mchangiaji, Nairobi

Ni binamu yake. Toa mwalimu wa zamu, ongeza dola milioni 240.

Mchangiaji, Dallas

Hamjambo kaka zangu. Naona mnagawana sifa na lawama wakati wote mmekosea pa kuanzia. Cardinals hawakumwacha Pujols. WALIMTAKA. Taarifa za wakati ule zilisema ofa yao ya mwisho ilikuwa karibu milioni 210, na ilikuwa ya miaka mingapi? Kumi! Ile ile kumi ambayo mleta mada anasema walifanya vizuri kuikwepa. Hawakuikwepa, walizidiwa dau. Mtu akikosa basi halafu basi likapinduka mbele, tunasema ana bahati, hatusemi ana busara.

Na mimi nina haki ya kuongea maana 2011 nilikuwa nafanya kibarua cha chakula uwanjani Arlington. Oktoba 22, mchezo wa tatu wa fainali, Rangers wetu dhidi ya Cardinals. Pujols akapiga homurani 3 usiku mmoja. Ya kwanza watu walinyamaza. Ya pili wakaanza kushuka ngazi kwenda kwenye magari. Ya tatu nilikuwa nasugua kikaango cha vitunguu, nikasikia ule mlio wa gogo na mpira, kavu, kama mtu amevunja ubao. Sikuhitaji kugeuka. Iliisha 16-7. Msimamizi wetu akasema tufunge mapema, nyanya zilizobaki kila mtu abebe. Nilikwenda nyumbani na nyanya za Pujols.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akiwa sokoni, nani ana ubavu wa kusema "hapana asante"? Wao wenyewe hawakuwa nao.

Mleta mada, St. Louis

Dada, umenibana. Hilo la ofa ya miaka 10 ni kweli na nilipaswa kuliweka juu mwanzoni. Nakubali, busara haikuwepo, au ilikuwepo nusu. Walikuwa na ukomo, na ukomo wao ulikuwa chini ya wa Angels.

Lakini naomba nirudi kwa huyu wa Dar na deni lake, maana ndipo moyo wa ubishi ulipo. Deni lipo, silikatai. Ninachobisha ni sarafu ya kulilipia. Ukimpa mtu miaka 10 akiwa na 32, unamlipa kwa misimu ambayo wengine ndio watacheza: kijana wa miaka 22 atakayekosa nafasi, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) utakayeshindwa kumbakiza. Deni la 2004 hadi 2011 lilipwe kwa pesa nyingi za haraka na miaka michache. Milioni 30 kwa mwaka, nikiwa Cardinals ningetoa bila kupepesa. Mwaka wa nane, wa tisa, wa kumi, hapana.

Tena kuna jambo la sheria ambalo hamjaligusa. Mwaka 2011 Ligi ya Taifa, wanakocheza Cardinals, kila mpigaji lazima awe na nafasi ya kulinda uwanjani, hata mrushaji anashika gogo. Ligi ya Marekani, wanakocheza Angels, wanaruhusiwa kuwa na mpigaji asiyelinda popote: anapiga, anarudi kukaa. Mzee mwenye miguu mibovu anapata pa kujificha. Ligi ya Taifa iliipokea sheria hiyo moja kwa moja 2022 tu. Sasa fikiria Pujols wa 2013, mguu unamsumbua chini ya wayo, kacheza michezo 99 msimu mzima. Angels walikuwa na kiti cha kumkalisha. Cardinals wangemweka wapi? Mkataba ule ule ungewaumiza wao zaidi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Hilo la sheria sikulijua, nalichukua. Lakini milioni 30 kwa miaka michache ni hadithi ya kupendeza tu mkuu. Mkewe mwenyewe alieleza redioni, baada ya kuondoka, kwamba klabu ilianza na ofa ya miaka 5 na iliwaudhi. Unamwambia mtu "tunataka uwe wetu maisha yako yote" halafu unampa miaka mitano! Yaani maisha yake yanaisha akiwa na 36? Ofa yako wewe ndiyo ile ile iliyomfukuza.

Na mnaposifu yaliyofuata, mnasahau bahati. Kwa kanuni za wakati ule Angels walipoteza nafasi yao ya kuchagua chipukizi, ikaenda Cardinals. Nafasi ya 19 mwaka 2012, wakamchukua mrushaji Michael Wacha. Mwaka uliofuata tu huyo kijana akawa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Taifa dhidi ya Dodgers, wakaingia World Series, fainali kuu ya ubingwa. Nani alijua? Angeweza kuwa mtu wa kawaida kabisa, na leo tungekuwa tunaimba wimbo mwingine.

Mchangiaji, Nairobi

Bahati ya Wacha sawa. Lakini kumsajili mpigaji Carlos Beltran kwa miaka 2 na milioni 26 haikuwa bahati, wala mdakaji wao Yadier Molina kuongezewa miaka 5 kwa milioni 75 Machi 2012. Hapo pesa ya Pujols unaiona inavyogawanyika mezani. Walifika nusu fainali 2012, fainali 2013, nusu fainali tena 2014, na 2015 wakashinda michezo 100. Angels na Pujols wao? Mwaka mmoja tu wa kuingia mchujo wa kuwania ubingwa, 2014, Royals wakawafagia michezo mitatu. Na Busch, uwanja wa Cardinals, ukaendelea kupokea watu zaidi ya milioni 3 kwa msimu. Wale wanaosema mashabiki wangesusa, walisusa kwa utepe tu.

Mchangiaji, Dallas

Kaka wa Nairobi, hizo ni timu mbili tofauti. Kushindwa kwa Angels ni kwa sababu hawakuwa na warushaji, si kwa sababu ya Pujols. Mwaka wake wa kwanza kule alianza vibaya kweli, homurani ya kwanza ilikuja Mei 6, lakini akamaliza na 30. Huyo ni mzee aliyekwisha?

Mchangiaji, Nairobi

Dada, mwaka wa kwanza nakupa. Jumla ya kule: St. Louis alikuwa anapata hiti (kupiga mpira na kufika besi salama) karibu mara 1 katika kila majaribio 3. California, mara 1 katika kila 4. Kwa asiyejua mchezo inaonekana tofauti ndogo. Ni kama kuteremka kutoka mfungaji bora hadi mtu wa benchi.

Mleta mada, St. Louis

Wa Dar, ya Wacha umepatia. Sitaijibu maana sina jibu.

Nimalizie nilichokiona mwenyewe. Juni 2019 Angels walikuja Busch, mara ya kwanza Pujols anapiga hapa tangu aondoke. Tulikuwa juu kabisa, viti vya bei ya chini, na yule mzee wa ghalani. Pujols akaingia, watu wote wakasimama. Molina, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akatoka mahali pake akawa anatembeatembea mbele kama mtu aliyedondosha funguo, makusudi, ili makofi yapate muda. Kisha wakakumbatiana. Kesho yake Pujols akapiga homurani dhidi yetu, na uwanja ukamwita atoke tena nje kumshangilia. Adui! Nimeangalia michezo maisha yangu yote, hilo sijaliona kwingine. Mzee alikuwa anapiga makofi huku anatukana.

Halafu 2022 karudi kwa milioni 2.5, ana miaka 42, anatumiwa zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, akiwa yule mpigaji asiyelinda, maana sasa sheria inaruhusu. Homurani 24. Septemba 23 Los Angeles akapiga mbili usiku mmoja, ya pili ikawa ya 700. Akastaafu na 703. Kwa hiyo mji ulimpata mwanzo wake na mwisho wake, na bili ya katikati ikalipwa California.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Umeongea vizuri lakini hujajibu. Tuseme ni Desemba 2011, wewe ndiye unashika kalamu. Mezani kuna Pujols na wakala wake. Unaandika miaka mingapi?

Mleta mada, St. Louis

Sita. Milioni 180.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Wakala angekucheka usoni.

Mleta mada, St. Louis

Najua. Angecheka, wangeinuka, na mzee wa ghalani angekwenda kununua utepe wake vile vile.