Mtu kaandika tamthilia anaulizwa "sampuli yako watu wangapi?" Fomu moja kwa fani zote, hadi lini?

Wakuu, nina hasira tangu jana na uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite.

Niko mwaka wa mwisho, shahada ya kwanza, sanaa za maonyesho. Mradi wangu ni tamthilia ya dakika 40 kuhusu mzee anayepoteza kumbukumbu, na inakwenda kinyumenyume: inaanza hajui hata jina la mwanawe, inaishia akiwa kijana anamtongoza mkewe. Miezi 7 nimehangaika na swali moja tu: mtazamaji anaweza kumlilia mtu ambaye bado hajamfahamu? Rasimu 6. Ya nne niliitupa yote baada ya kuona kwenye mazoezi watu wanacheka pale nilipotaka wanyamaze. Daftari la mazoezi ninalo, kurasa 112, kila badiliko na sababu yake.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kuwasilisha. Jopo la watu watatu, hakuna hata mmoja wa fani yangu, wote wana fomu mkononi. Swali la kwanza, naapa, sijakaa vizuri: "Nadharia tete yako ni ipi?" (yaani dhana unayotaka kuipima). La pili: "Sampuli ni watu wangapi?" Nikasema waigizaji ni 5. Akaandika 5, akatikisa kichwa: "Ndogo sana. Huwezi kusema matokeo haya yanawakilisha jamii."

Matokeo ya nini jamani? Ya mzee wa kubuni?

Onyesho lenyewe hawakuliona. Fomu haina sehemu ya kutazama onyesho, ina dakika 10 za slaidi. Mbinu na sampuli alama 30, nimepata 4. Uchambuzi wa takwimu alama 25, nimepata sifuri. Kilichonibeba ni "unadhifu wa uandishi", yaani pambizo zangu zimenyooka.

Ningekuwa peke yangu ningenyamaza. Rafiki yangu wa historia alifanyia kazi barua za zamani na madaftari ya kodi kwenye hifadhi ya nyaraka. Akaambiwa lazima kiambatisho kiwe na dodoso. Alipeleke kwa nani? Walioandika zile barua wako kaburini zaidi ya miaka 100. Ili apite, akatunga maswali 10, akawagawia wenzake bwenini wajaze maoni kuhusu barua ambazo hawajawahi kuziona, akachora chati ya duara. Akasifiwa! Ile kazi yenyewe, kusoma mwandiko uliofifia, kulinganisha tarehe za huyu na yule, kujiuliza mwandishi alikuwa na sababu gani ya kudanganya, haikuwa na mstari kwenye fomu. Kwa hiyo kijana amefundishwa kuzua data ili aonekane mtafiti.

Wa hisabati ananichekesha na kuniliza kwa pamoja. Amethibitisha theoremu ndogo kuhusu grafu (si chati, ni nukta zilizounganishwa kwa mistari), uthibitisho kurasa 6. Utaratibu unataka sura tano na kurasa zisizopungua 50. Kwenye "eneo la utafiti" akajaza "ubaoni". Msimamizi wake naye hoi, anamwambia jaza tu mwanangu. Sasa oneni: mwaka 1966 wanahisabati Lander na Parkin walichapisha kwenye jarida la Chama cha Hisabati cha Marekani makala ya sentensi mbili. Mbili! Kompyuta iliwapatia namba 27, 84, 110 na 133: ukipandisha kila moja kwa kipeo cha tano kisha ukajumlisha, unapata 144 kwa kipeo cha tano. Dhana ya Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, ilidai kwamba kwa kipeo cha tano lazima ujumlishe namba zisizopungua tano; ilisimama karibu karne mbili, ikaanguka hapohapo kwa namba nne. Mwenye kalamu na subira anaweza kuhakiki mwenyewe. Kwetu wangerudishwa wakaandike umuhimu wa utafiti na mapendekezo kwa watunga sera.

Ule mpangilio wa utangulizi, mbinu, matokeo na majadiliano sina ugomvi nao. Umekulia kwenye majarida ya sayansi, na huko una kazi: anayepima dawa au udongo lazima aeleze alivyopima, ili mwingine arudie aone kama atapata kilekile. Jirani yangu wa baiolojia anaotesha bakteria, fomu inamkaa kama kashonewa. (Ingawa hata yeye alikatwa alama kwa sababu dawa aliyoijaribu haikuua kitu, kana kwamba kushindwa kuua si jibu.) Ubaya ni kuchukua suti ya jirani na kutuvisha sote.

Na asije mtu hapa kuniambia sanaa si utafiti. Christopher Frayling wa Royal College of Art, chuo cha sanaa cha London, alishalitenganisha hili mwaka 1993: kuna utafiti kuhusu sanaa, utafiti kupitia sanaa, na utafiti kwa ajili ya sanaa. Wangu ni wa kupitia sanaa, jibu linapatikana waigizaji wakiwa wamesimama. Kuna vyuo ambako mwanafunzi kama mimi anawasilisha kazi yenyewe, pamoja na maelezo mafupi ya kiuhakiki: nilijiuliza nini, nikajaribu nini, nikaacha nini na kwa nini. Halafu anasomwa na mtu anayeijua kazi. Hatuombi zaidi ya hapo.

Maya Lin mnamjua? Mwaka 1981 alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kazi yake ya darasani aliipeleka kwenye shindano la kubuni kumbukumbu ya askari wa Marekani waliokufa vita vya Vietnam. Michoro ya pasteli na ukurasa mmoja wa maelezo, basi. Kazi zilikuwa 1,421, zimefichwa majina, yake ikiwa namba 1026, na ikashinda. Waamuzi karibu wote walikuwa wasanifu majengo, wasanifu wa mandhari na wachongaji. Watu wanaojua kusoma mchoro! Hebu mpeni wangu yule wa "sampuli ndogo sana" ukurasa ule mmoja muone.

Leo asubuhi nikaenda kukata rufaa. Nimepewa fomu, bila shaka. Sababu inayokubalika ni moja tu: kosa la kujumlisha alama. Nimejumlisha mara tatu na jumla yao ni sahihi kabisa. Mwisho wa kurudisha ni Ijumaa. Aliyewahi kukata rufaa ya namna hii akasikilizwa aje aniambie pale kwenye sababu alijaza nini.