Kidonda cha ekzosi: ngozi mpya inaota au inatembea?

Neema_Pasua (Moshi)
Wadau, habari za jioni. Nilibabuliwa na ekzosi ya bodaboda wakati nashuka karibu na stendi, kwenye shavu la mguu wa kulia. Lengelenge limeshapasuka, zahanati wamenifunga gozi yenye vaselini. Bibi yangu haitaki hata kuiona. Anasema kidonda kipigwe jua kikauke, kisha kinyunyiziwe unga wa kapsuli ya rangi mbili.

Ila kilichonileta hapa ni kingine. Kila wakifungua naona ngozi ya pinki imeingia ndani zaidi kutoka kingoni, na katikati kabisa vimejitokeza vidoti vya ngozi vyenyewe tu. Inajuaje pa kwenda? Na inashika nini wakati pale ni ubichi mtupu?

Mzee_wa_Darubini (Njiro, Arusha)
Pole, binti. Mimi ni mstaafu wa maabara, nimeotesha seli kwenye visahani vya plastiki hadi macho yakachoka, kwa hiyo umenigusa penyewe.

Inatembea. Seli za ukingoni hujing'oa kwanza kwenye utando wa chini yao zilikokuwa zimepigiliwa, halafu hutambaa kuingia kidondani. Zilizo nyuma yao ndizo zinazogawanyika ili pasibaki pengo.

Kuhusu kushika: damu iliyoganda imejaa fibrini na faibronektini, protini ambazo seli inaweza kuzishika. Seli nayo ina integrini, protini zinazopenya utando wake kutoka ndani hadi nje. Upande wa nje hushika faibronektini au kolajeni, protini ya nyuzi inayoipa ngozi uimara, na upande wa ndani, kupitia protini za kuunganisha kama talini, umefungwa kwenye nyuzi za aktini, kiunzi cha seli. Sasa tazama mwendo wenyewe. Aktini inasukuma ukingo mwembamba mbele, integrini zinashika, miosini, protini inayovuta nyuzi hizo, inavuta mwili, ndipo mkia unaachia. Mtu anayepanda ukingo wa mto wenye utelezi hufanya hivyohivyo: anashika mzizi, anajivuta, ndipo anainua mguu wa nyuma. Seli ikishika kidogo mno haisogei, inateleza tu. Ikishika mno inaganda palepale. Na usitegemee mbio: faibroblasti, zile zinazotengeneza kolajeni, mara nyingi hazifikishi hata maikromita 1 kwa dakika, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Neutrofili, askari wa damu, hufika kama 10.

Vidoti vya katikati vinatoka kwenye vinyweleo. Mizizi yake imezama chini kuliko moto ulikofika, na seli zake hupanda juu na kusambaa. Ni dalili njema, kidonda hakijaenda chini sana.

Bibi mpe shikamoo yangu, ila jua lake aanikie mahindi. Seli haitambai pakavu. Mwaka 1962 George Winter, huko Uingereza, alionyesha kwa nguruwe kwamba vidonda vilivyofunikwa kwa plastiki vilipata ngozi mpya takriban mara mbili upesi kuliko vilivyoachwa vikauke. Chini ya kigaga kikavu seli hulazimika kuchimba njia kwa vimeng'enya mpaka zifike penye unyevu.

Kijana_Sombetini
Shikamoo mzee. Sasa pande mbili zikikutana zinajuaje kusimama? Si zitapandana?

Mzee_wa_Darubini
Marahaba. Zikigusana zinasimama, kisha zinashikana zenyewe kwa zenyewe kwa kadherini, protini za kuunganisha seli na seli, ambazo bila madini ya kalisi hazishiki. Michael Abercrombie alieleza tabia hiyo ya kusimama kwenye faibroblasti miaka ya 1950. Seli nyingi za saratani hazijali mguso huo. Lakini hiyo ni mada yake, fungua uzi mwingine tutakuja.

Neema_Pasua
Asante sana babu. Bibi kacheka kuhusu mahindi, ila hajakubali. Hii gozi imekauka na imenata, na kesho nabadilisha mwenyewe. Niing'oe mara moja kama plasta? Na rangi yangu itarudi?

Mzee_wa_Darubini
Usiing'oe! Ngozi changa imejishikiza kwa integrini za safari tu. Vifungo vya kudumu, vile vinavyoipigilia kwenye utando wa chini, bado havijajengwa vyote, kwa hiyo ukivuta inakuja na gozi. Loweka kwa maji ya chumvi ya hospitali, au maji yaliyochemshwa yakapoa. Subiri ilegee, kisha inua taratibu kutoka kingoni kuelekea katikati. Halafu weka nyingine yenye vaselini ya kutosha.

Rangi kwa kawaida hurudi. Seli za rangi nazo hutambaa kutoka kingoni na kwenye vinyweleo, ila huchelewa kufika. Kapsuli achana nazo. Ukiona uvimbe unaongezeka, usaha au homa, nenda zahanati siku hiyohiyo, usitungoje sisi wa humu.