Nisaidieni, hii identiti (mlinganyo ulio kweli kila mara) ya pembetatu imeninyima usingizi

mgeni_wa_hesabu: Wadau habari, niko mwaka wa kwanza, Ijumaa tuna CAT (ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula) na kuna swali limenikalia tangu Jumatatu. A, B na C ni pembe za pembetatu, thibitisha sinA + sinB + sinC = 4 sinA sinB sinC. Nimeweka C kuwa 180 toa A toa B nikafungua kila kitu, nikapata mistari mirefu kama foleni ya Thika Road jioni alafu nikarudi palepale nilipoanzia. Jana nilikuwa naipiga ndani ya matatu mpaka nikapitishwa steji. Nakosea wapi?

buda_umoja: Weka 60 kila mahali. Kushoto 2.598, kulia 2.598. Iko sawa, ni wewe hujatulia 😂

mama_tuisheni: Buda hapo umeonja tu, hujathibitisha. Hiyo ya 60 tatu ni pembetatu ya kudanganya watu. Chukua ile skweya ya mkebe wako wa jometri, 90, 45, 45. Kushoto 1 + 0.707 + 0.707 ni 2.414, kulia 4 × 1 × 0.707 × 0.707 ni 2. Haziingiani. Kijana, hebu angalia tena karatasi, hilo swali umelinakili vibaya.

mgeni_wa_hesabu: Aki woiye. Nimeuliza mwenzangu, ni sin2A + sin2B + sin2C. Nilikuwa nimekaa nyuma huko, zile 2 sikuziona 😭 siku tatu!!

mama_tuisheni: Pole mwanangu 😂 Sasa usifungue zote tatu kwa mpigo, hapo ndio watu huzama. Shika mbili, ya tatu iache ikungoje. sin2A + sin2B = 2 sin(A+B) cos(A−B), na kwa vile A+B ni 180 toa C, sin(A+B) ni sinC tu. Ile uliyoacha, sin2C, ni 2 sinC cosC. Toa 2 sinC nje, ndani inabaki cos(A−B) + cosC. Hapa sasa kaa macho, cosC = −cos(A+B), hiyo alama ya kutoa wengi huisahau. cos(A−B) − cos(A+B) ni 2 sinA sinB, zidisha na 2 sinC uliyotoa nje, kwisha.

dada_injinia: Ya tan pia ni hivyo hivyo, anza na tan(A+B) = −tanC, fungua upande wa kushoto, zidisha, utapata tanA + tanB + tanC = tanA tanB tanC, bora hakuna pembe ya 90 maana hiyo haina tan. Na usiandike jibu juu kabisa alafu uanze kukatakata pande zote mbili, mimi hivyo nililambishwa sifuri.

mgeni_wa_hesabu: Ya tan imekubali mistari minne tu!! Asanteni sana. Saa hii napitia daftari lote, nimepata 2 ingine imepotea.