Naomba ushauri: mimea isiyo na kazi nyingi kwa tenki la samaki la lita 40

Wakuu habari zenu, nina tenki dogo sebuleni lina samaki wadogo aina ya gapi 6, nataka mimea ya kweli maana ile ya plastiki inawachana mapezi. Mwezi uliopita niliweka mmea wa anubiasi nikaufukia wote na kishina chake (kile kinene kinachotoa mizizi na majani) kwenye changarawe, kikaoza kikawa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, iliniuma sana, kumbe unaifunga na uzi kwenye jiwe mizizi ijishikize yenyewe. Gesi ya kaboni ya kulisha mimea sina, taa ndogo tu ya LED, na kazini natoka usiku. Nawaza nirudie anubiasi niongeze na mosi ya Java (ule mmea laini kama kuvu la kijani), vitoto vya gapi vijifiche humo visiliwe. Je valisneria, ile yenye majani marefu kama nyasi, si itajaza tenki lote? Na taa niwashe masaa mangapi, mwani umeshaanza kwenye kioo