Msambazaji anadai ada ya leseni ya msimbo wa Linux kwa kila toleo: je, ana haki?

Tiketi_Malindi
Assalaam alaykum, wataalamu. Ofisi yetu ndogo ya Malindi, Unguja, hutumia mashine za kukatia tiketi za boti zenye mfumo endeshi wa Linux, toleo 4.19, ambayo msambazaji aliibadilisha ili iendane na printa na skrini zake. Tumemwomba msimbo chanzo (maandishi ya programu ambayo fundi anaweza kuyabadilisha) ili tupandishe toleo wenyewe, naye amejibu kwamba lazima kwanza tununue leseni, na kwamba kila toleo jipya litakuwa na ada yake. Je, sharti hilo lipo? Na tukiuchukua msimbo huo, tutalazimika kuitoa hadharani programu yetu ya tiketi?

Fundi_Mkunazini
Wa alaykum salaam. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, iko chini ya leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 2, na kifungu cha 6 kinaeleza kwamba kila anayepokea nakala hupata leseni moja kwa moja kutoka kwa wenye haki wa asili, bila ya msambazaji kuruhusiwa kuongeza masharti yake. Kwa hiyo huyo bwana hana leseni ya kukuuzieni. Kifungu cha 3 kinamtaka atoe msimbo pamoja na mashine, au ahadi ya maandishi ya kuutoa kwa muda usiopungua miaka 3, kwa malipo yasiyozidi gharama ya kuufikisha. Itafuteni karatasi hiyo ndani ya boksi, kwani mara nyingi imekunjwa nyuma ya mwongozo na hakuna anayeisoma. Programu ya tiketi isikutieni wasiwasi: tamko lililoambatanishwa na leseni ya kerneli linasema kwamba programu inayotumia tu huduma za kerneli kwa njia ya kawaida haihesabiwi kuwa imetokana nayo, kwa hiyo GPL haikulazimisheni kuitoa hadharani.

Mstaafu_ChakeChake
Naafikiana na Fundi, ila madai hayo si mageni. Hadi Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, kilipotoa peke yake sehemu ya mtandao ya BSD, mfumo endeshi wake uliotokana na Unix, mwaka 1989, aliyetaka msimbo wa BSD alipaswa kwanza kuwa na leseni ya mwenye Unix, kampuni ya simu ya AT&T, na bei yake ilikuwa ikipanda. Huenda msambazaji wenu bado anaishi zama hizo.

Hata hivyo, GPL haimlazimishi kukutengenezeeni toleo jipya. Matunzo ya 4.19 yalikoma Disemba 2024, na gharama halisi ni kuvihamisha viendeshi vya printa na skrini (programu zinazoiwezesha kerneli kuvitumia vifaa hivyo) kwenye kerneli mpya, kazi ambayo hula muda mwingi pale mabadiliko ya msambazaji yalipotapakaa ndani ya kerneli nzima. Dai msimbo kamili, pamoja na skripti za kuujenga na kuusakinisha, ambazo kifungu cha 3 kinazitaja, kisha ujengeni wenyewe kabla ya kukubali kwamba mmepokea. Mkiamua kumpa yeye kazi ya kupandisha toleo, ankara iandikwe kuwa ni malipo ya kazi, wala neno leseni lisionekane humo.