Kufuga viluwiluwi vya mbu vya kulisha samaki nyumbani, kuna njia salama?

MtotoWaLangoni
Asalaam aleikum jamaa. Niko Lamu, nina tangi la kioo la gapi (guppy), wale samaki wadogo wa pambo, kama ishirini hivi na juzi wamezaa tena. Chakula cha paketi ni ghali na kikifika huku kishaingia unyevu, samaki wanakitema, lakini ukiwapa viluwiluwi wanavirukia mpaka maji yanatibuka. Kwa hiyo nimeweka ndoo mbili za maji hapa kiwandani, yaani uani, nyumbani, baada ya siku tatu nne zimejaa. Mama hataki kuziona, anasema nafuga ugonjwa. Walio na uzoefu, nafanyaje mbu wasiruke?

BintiMkomani
Waaleikum salaam kakangu. Msikize mama. Mwaka 2004 homa ya chikungunya, ile inayoenezwa na mbu, ilipotuingilia hapa Lamu nilikuwa mdogo lakini sijasahau, kulikuwa na ukame na kila nyumba imeweka maji kwenye mapipa na mitungi, na mbu hawa wenye madoa meupe miguuni wanazaliana humo humo, tena wanauma mchana. Kwetu tulilala wote kwa homa. Bibi yangu alikuwa akienda chooni ameshika ukuta kwa mikono miwili, vidole vimevimba hata tasbihi hawezi kuishika, na viungo vilimuuma miezi mingi baada ya homa kwisha. Jina lenyewe ni la Kimakonde, maana yake ni kujikunja, na ndivyo alivyokuwa. Hizo ndoo zimwage leo tafadhali. Na ukishamwaga usidhani yamekwisha, mayai yanabaki yamegandia ukutani mwa ndoo hata miezi makavu, ukitia maji tu yanaanguliwa, kwa hivyo sugua na brashi na sabuni.

GapiMalindi
Mimi niko Malindi, nimefuga samaki miaka kadhaa. Viluwiluwi niliacha. Kutoka yai mpaka mbu kwa joto letu ni wiki moja hadi siku kumi, ukisafiri siku mbili tu umechelewa, ukiona kilichojikunja kama alama ya koma na kichwa kikubwa hicho karibu kinaruka.

Mimi hutumia atemia, tududu twa maji ya chumvi, wako hata kwenye mashamba ya chumvi ya huku Gongoni. Tafuta mayai yake makavu. Kata kitako cha chupa ya soda ya lita mbili, ipindue mdomo chini na kifuniko kimefungwa kabisa, tia lita moja ya maji ya bahari uliyoyapunguza na maji matamu kidogo, nusu kijiko cha chai cha mayai, na mpira wa pampu ya hewa ufike chini kabisa. Kesho yake saa kama hizo wameshaanguliwa. Zima pampu, mulika tochi pale chini, watakusanyika rangi ya chungwa na maganda yataelea juu. Wavute na mpira, chuja kwa kitambaa, suuza na maji matamu ndio uwape. Kidogo kidogo tu, kwenye maji matamu hawaishi saa nyingi na wakifa wanaharibu tangi. Na minyoo ya mitaroni usiguse, niliwahi kuitumia nikapoteza samaki wote.

BabuWaBirika
Mwanangu, nyumba yenu ina birika, lile tangi la maji la kujengea? Wazee wetu walitia samaki wadogo ndani ya birika la chooni ili wawale viluwiluwi, na kule chini walijengea bakuli la kaure la China ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Peleka gapi watano sita humo. Mbu watakuja kutaga wenyewe na samaki watakula, huna haja ya kufuga. Ila maji mchote kwa kata, sabuni isiingie. Na usiwatie kwenye mabwawa ya nje.

MtotoWaLangoni
Shukran sana. Birika lipo, tena lile bakuli nalijua, lina maua ya buluu na limevunjika ukingo, siku zote nilidhani ni pambo tu. Ndoo nimeshazimwaga na kusugua. Jioni napeleka samaki sita. @GapiMalindi hayo mayai unayapata wapi?

GapiMalindi
Nitumie ujumbe, kuna mtu wangu anakuja huko Jumamosi nitampa kijichupa.