Mrejesho: kichwa cha treni ya bustani sasa kinapanda mwinuko

Wiki 3 zilizopita niliuliza kwa nini kichwa cha treni ya bustani nilichokiunda kwa kopo la majani ya chai, chenye dohani ndefu kama shingo ya twiga, kilikuwa kikizungusha magurudumu bila kusonga kila kilipofika kwenye mwinuko wa reli zangu za upana wa milimita 45. Mlionishauri nichunguze uzito mlikuwa sahihi. Nimehamisha betri 4 za kuchaji, ambazo kwa pamoja hutoa volti 4.8, kutoka behewa la nyuma hadi juu ya ekseli inayozungushwa na mota, na sasa kinapanda kikivuta mabehewa 2. Dohani sikuifupisha, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nikipende. Kasi bado ni kubwa mno. Nitaweka kwenye mota gia yenye meno machache zaidi.